Ukoo wa Mzee Gundi

9 Machi
Leo mvua ya kwanza imenyesha na leo sanduku la mama mdogo limeungua. Naandika yote mawili pamoja kwa sababu yeye mwenyewe anaamini yalifanya njama.

Nilipiga hodi getini, hakuitika. Nikapiga tena mlangoni, kimya. Zamani hodi ilikuwa haijatoka vizuri mdomoni, umeshakaribishwa na kuulizwa kama umekula. Nikaingia mwenyewe. Nilimkuta amesimama katikati ya sebule na taulo mkononi, chumba kizima kinanuka kitu kilichoungua. Nilipomgusa bega aliruka, nusura aniangukie.

"Limetoa moshi," akasema. "Nikalifunika, nikadhani litatulia."

"Mama mdogo, umeme haufunikwi na taulo."

"Mbona wewe ulipokuwa na homa nilikufunika na ukatulia?"

Ndiyo maneno yake hayo. Amenilea tangu mama alipofariki, nikiwa sijaota meno ya pili, na mpaka leo hajakubali kwamba ninajua kitu asichokijua yeye.

Sanduku ni amplifaya, ule mtambo unaochukua sauti nyembamba ya santuri na kuitia nguvu mpaka spika ziimbe. Baba mdogo alilinunua walipokuwa wanaoana, kwa mtu anayeyaunda kwa mkono, moja moja. Baba mdogo hayupo tena. Zimebaki santuri zake, rafu nzima ya ukuta, na sanduku lake.

Na sasa masikio. Daktari amesema la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Sauti nyembamba zitatangulia kuondoka, nzito zitachelewa kidogo. Mama mdogo aliposikia hivyo alisema atasikiliza santuri zote, moja baada ya nyingine, kabla duka halijafungwa. Alikuwa amefika nusu ya rafu. Nilimwazima mtambo wangu, akaurudisha. Anasema unampigia kelele, haumwimbii.

Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, fundi wa redio na amplifaya. Nikishindwa na hili, uso nitauficha wapi?

10 Machi
Nimelifungua. Aliyeliunda hakutaka hata yeye mwenyewe ajue ameunda nini. Sehemu nzima ya katikati imemwagiwa gundi nyeusi inayokataa patasi, na kila kijisehemu kilichobaki nje kimekwanguliwa namba kwa msasa. Ndani ya gundi kuna shimo lililoungua. Kilichokuwa humo sasa ni mkaa.

Nimempa jina: Mzee Gundi.

Bila mchoro siendi popote. Mchoro ndio unaokuonyesha nini kimeungwa na nini, na kila kitu kina ukubwa gani. Wenye viwanda vikubwa huutoa. Hawa wa moja moja, kila mtu na kichaa chake. Mmoja nilimwomba mchoro mwaka juzi, akanitumia picha yake akiwa amesimama kando ya mtambo kwa suti. Niliomba mchoro nikapewa mchoraji.

11 Machi
Namba ya simu imeandikwa kwa rangi chini ya bati. Haipatikani. Mvua.

13 Machi
Imepatikana. Amepokea mke wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani, na umeunguza lipi?"

Nikajieleza. Mzee, akasema, hazungumzi na simu, kwa sababu simu inaharibu sauti za watu. Nikasikia mwanamume akinguruma kwa mbali, kisha yule mama akarudi: "Anasema mchoro hautoki. Lete amplifaya yenyewe."

Nikamwambia daraja limekatika kwa mvua, na sanduku lina uzito wa mfuko wa saruji.

"Anasema basi subiri mvua ziishe."

"Mwambie mwenye nalo hawezi kusubiri. Masikio yake yanafunga. Mvua zikiisha na kusikia kwake kutakuwa kumekwisha."

Akaenda, akarudi. "Anasema pole sana. Mchoro hautoki."

Mkono birika wa maarifa. Na wahenga walishasema, mficha uchi hazai. Nimemwambia hivyo baba watoto wakati wa chakula, akajibu kwamba Mzee Gundi huenda ana watoto wengi tu. Baba watoto naye.

14 Machi
Hasira bado. Mvua.

17 Machi
Nimepiga tena. Leo yule mama alikuwa peke yake, ametulia, akanieleza. Miaka ya nyuma alikuja kijana mmoja mpole, mwenye adabu, akakaa kwao wiki nzima akimsaidia mzee kazi. Alipoondoka akaanza kuunda amplifaya za mzee kwa jina lake mwenyewe, tena vibaya. Zilipoharibika, watu wakamletea mzee azitengeneze.

"Moja aliitengeneza," akasema. "Alikaa nayo mezani akailaumu kama mtoto wa kambo. Tangu hapo ndipo gundi ikaingia."

Sijamsamehe, lakini nimeacha kumwita mkono birika.

20 Machi
Hodi mara tatu. Mama mdogo alikuwa amekaa mbele ya mahali pa sanduku, pale ambapo meza imebaki na alama ya mraba isiyo na vumbi. Ana santuri mapajani, ameshikilia tu.

"Huyo mzee anasemaje?"

"Anakataa."

"Ulimwambia linapumua?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwa kunisikitikia, mtoto mkubwa nisiyejua mambo. Ukiliwasha sanduku, kabla hujaweka santuri, linatoa sauti nzito ya chini: mmm. Baba mdogo alikuwa akisema, liache kwanza lipumue. Akirudi kazini alikuwa analiwasha kabla hata hajavua viatu, na mama mdogo jikoni akisikia ile mmm anajua mume ameingia.

"Kwake hakuwa mtu wa kupiga hodi," akasema. "Sanduku ndilo lilikuwa linampigia. Nami namwambia karibu, na uvue viatu."

Hajawahi kunisimulia hayo. Nilikaa naye mpaka mvua ikapungua.

21 Machi
Nimempigia yule mama, nikasema mwambie mzee hili letu linapumua. Akapeleka ujumbe. Akarudi.

"Anasema za kwake hazipumui."

"Hili linapumua, mama."

"Anasema haiwezekani. Anasema huyo bibi anasikia vibaya."

Hapo nikamtolea uvivu. Nikasema huyo bibi alilisikia wakati masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya mzee na ukoo wake wote. Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni mimi.

22 Machi
Nimetengeneza pasi mbili na redio ya kinyozi. Sina la kuandika.

25 Machi
Mvua. Karakana inavuja juu ya meza. Sanduku nimelifunika kwa taulo, mama mdogo asijue.

27 Machi
Amepiga yeye!

"Mwanangu, umeniletea balaa nyumbani. Hali, halali. Anazunguka na kikombe mkononi anasema, lipi hilo linalopumua? Leo asubuhi amekumbuka."

Amekumbuka mteja aliyekuja siku za harusi yake zimekaribia, akasimama mlangoni pa karakana akipiga mluzi mpaka kazi ikaisha. Mzee akalimaliza haraka ili yule bwana aondoke na mluzi wake. Mluzi ulikuwa wa baba mdogo, naujua. Alikuwa na wimbo mmoja tu na hakuwahi kuupatia.

"Anasema alikosea kitu humo ndani. Limemkera. Anataka lirekebishwe."

"Alhamdulillahi. Basi anitumie mchoro."

Akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha akashindwa kujizuia.

"Mchoro haupo, mwanangu. Hajawahi kuuchora."

Miaka yote hiyo. Watu wamembembeleza, wamenuna, wamemlaani, naye anashikilia kwamba mchoro hautoki, na kumbe hakuna cha kutoka. Uko kichwani mwake tu. Sasa mikono inamtetemeka, hawezi kulehemu wala kushika kalamu vizuri.

"Atakutajia," akasema. "Lakini anavitaja kwa njia yake. Usimcheke."

29 Machi
Sikucheka mbele yake. Nimecheka nilipokata simu, mpaka baba watoto akaja kutazama.

Mzee Gundi hana rezista ya kubana umeme wala kapasita ya kuutunza. Ana ndugu. Transfoma ni Mama, kwa sababu inalisha nyumba nzima. Umeme mkali unaotoka kwake ni upande wa mama, na kila anayeungwa huko ni mjomba, mama mkubwa, na kadhalika. Bati la chini ni upande wa baba: anayegusa bati ni ami au shangazi. Sauti inayoingia kutoka kwenye santuri ni bibi harusi. Ni mgeni, ananong'ona, asipigiwe kelele.

Na waya unaowasha zile taa za kioo zinazokuza sauti ni mama mkwe. "Anasema hana ubaya," mke wake akanifikishia, "ila ananung'unika mfululizo. Asikae karibu na mlango wa bibi harusi, manung'uniko yake yatasikika nyumba nzima."

Nikalifungua sanduku hapo hapo, simu begani. Mama mkwe amepita mlangoni kabisa, amejibana na waya wa bibi harusi. Ile ndiyo pumzi.

2 Aprili
Wajomba wote wamekamilika. Simu mbili, mvua kubwa, nusu ya maneno nimeyapata kwa kukisia.

5 Aprili
Mama mdogo ameniuliza mara mbili nimesema nini, nikiwa nimekaa ubavuni mwake. Mara ya pili nilipaza sauti, akanuna, akasema yeye si kiziwi wa sokoni. Nimeomba radhi. Kila ndugu ninayemchora naona namkimbiza saa na saa inanishinda.

8 Aprili
Bi Gundi (sasa namwita hivyo, na yeye ananiita "mwanangu wa mchoro") ameniuliza kama kwetu tumepata kuku wazuri. Tumeongea kuhusu kuku muda mrefu. Kisha akakumbuka: amebaki mmoja tu, yule aliyeungua.

"Anasema huyo ni anti. Anatoka kwenye pipa la kwanza, anarudi kwao."

Pipa ni lile kopo linalotunza umeme. Anti anarudi kwao. Nimeandika, nimeshukuru.

12 Aprili
Nimeng'oa donge lote la gundi, nimeunga kila mtu mahali pake, nimewasha, na anti amewaka moto.

Si mfano wa maneno. Ametoa mwali, kisha moshi, kisha fyuzi ikakata na karakana yote ikawa giza. Mchana kweupe, lakini kwa wingu hili hakuna tofauti. Nilikaa chini nikalia. Baba watoto akanishika mkono akaniuliza kama nimeungua, nikasema hapana, na bado nikalia.

13 Aprili
Nimempigia Bi Gundi, nimemsomea mchoro wangu, ndugu mmoja mmoja. Nilipofika kwa anti nikasema, "Anatoka pipa la kwanza, anaungwa kwenye bati."

Nikasikia kishindo, kitu kimeanguka, na kwa mara ya kwanza sauti ya mzee ikaja masikioni mwangu. Amemnyang'anya mkewe simu.

"Kwenye bati kwa nani?"

"Shikamoo mzee. Kwao. Upande wa baba."

"Tangu lini mama mdogo akawa upande wa baba?"

"Mimi nimeambiwa anti."

"Anti ndiyo nini? Mimi nilisema mama mdogo!"

Nyuma yake nikamsikia Bi Gundi: "Sasa mama mdogo si ndiye anti?"

"Kwetu anti ni shangazi," nikasema.

"Kwetu ni mama mdogo," akasema Bi Gundi.

"Kwangu mimi hakuna anti," akasema mzee. "Neno limemlaza shangazi na mama mdogo kitanda kimoja, halafu mnashangaa moto. Mama mdogo! Anatoka pipa la kwanza anakwenda la pili, kwao, upande wa mama. Ndiye anayempunguzia ukali mama mtu kabla chakula hakijafika kwa wadogo. Umeelewa?"

Nimeelewa. Nimeelewa zaidi ya alivyokusudia, kwa sababu mimi nimelelewa na huyo huyo. Nikamwambia hivyo. Akavuta pumzi.

"Pole kwa mama," akasema. Halafu: "Simu hii inatoa sauti mbaya sana." Akamrudishia mkewe.

19 Aprili
Nimetafuta rezista mpya ya kuwa mama mdogo wa sanduku, ya ukubwa alionitajia. Iko njiani, na barabara iko majini.

24 Aprili
Imefika. Imelowa, lakini nzima.

26 Aprili
Linaimba.

Nimehakikisha kila kitu, na mama mkwe nimempitisha mbali, pembeni kabisa mwa bati, kama mzee alivyotaka. Kimya safi. Ukiweka sikio kwenye spika husikii kitu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya, na nasema hivyo bila aibu kwa kuwa hakuna anayesoma hapa.

Tumelipeleka mimi na baba watoto, tukiwa tumelifunika kwa turubai. Mama mdogo amevaa nguo ya kutokea. Amekaa, sikio la kushoto limeelekea spika. Nikabonyeza swichi. Taa za kioo zikapata moto taratibu. Akasubiri, akasubiri.

"Mbona limekufa?"

"Halijakufa. Ngoja niweke santuri."

Nikaweka. Gitaa likaanza, na yule mwimbaji wake anayekohoa kabla ya ubeti wa pili akaimba, akakohoa, akaendelea. Mama mdogo alitabasamu, akapiga kidole kwenye goti. Anasema gitaa analisikia, mwimbaji anamsikia kwa mbali, kikohozi hakukisikia ila alijua kimefika. Alinishukuru sana. Alinishukuru kama mgeni, na ndipo nikajua nimekosea.

27 Aprili
Nimerudi na bisibisi. Nimemrudisha mama mkwe mlangoni.

Nimemsogeza hata karibu zaidi ya alivyokuwa. Kila nilichofundishwa kinasema hapana, nami nimefunga ule waya kwa uzi asiondoke. Nikawasha. Taa zikapata moto. Mmm.

Mama mdogo alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama.

"Hilo," akasema. "Hilo sasa."

Akaja akakaa, na hakuomba santuri kwa muda mrefu.

30 Aprili
Nilichelewa kumwambia mzee kwa woga. Leo nimemwambia Bi Gundi, naye akamwambia. Nilijiandaa kwa ngurumo.

"Anauliza, kosa lake umelirudisha kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Anauliza kwa nini."

Nikamweleza habari ya baba mdogo, viatu, na mama mdogo jikoni. Bi Gundi alipeleka maneno yangu moja baada ya jingine, na safari hii hakubadilisha hata neno. Nilimsikia mzee akikohoa.

"Anasema umchoree," akasema Bi Gundi. "Ukoo wote. Hajawahi kuwaona wakiwa wamekaa pamoja."

6 Mei
Nimechora upya, kwa wino, kwenye karatasi kubwa. Kila mmoja na jina lake, hakuna anti popote. Pale mlangoni nimemchora mama mkwe alivyo sasa. Nimeupiga picha mchoro mzima na kumtumia Bi Gundi, auchapishe kwenye karatasi.

8 Mei
Mvua zimeanza kuchoka. Mama mdogo yuko rafu ya chini. Mwimbaji hamsikii tena. Anasema anabaki na gitaa zito na ngoma, na wengine anawaimba mwenyewe. Anaimba vibaya sana, nami nakaa nasikiliza.

15 Mei
Picha imerudi kutoka kwa Bi Gundi. Mzee ameandika juu ya mchoro wangu kwa kalamu ya risasi, maandishi yanatetemeka, ni kazi kuyasoma. Kwa mama mkwe, pale nilipotegemea alama ya kosa, ameandika: *Huyu amekaribishwa.*

Nimeubandika ukutani karakana. Fundi wa mtaa wa pili amekuja kuomba nakala. Nimemwambia ampigie mwenye ukoo, na ajiandae kuongea habari za kuku.

22 Mei
Santuri ya mwisho. Mama mdogo aliigeuza, akaimaliza, akairudisha kwenye ganda lake. Akasema duka limefungwa salama, akaenda kupika.

30 Mei
Jua. Nguo zimekauka kwa siku moja.

Nimepita kwa mama mdogo. Nikapiga hodi getini, nikapiga mlangoni, nikapaza sauti mpaka jirani akaitika kwa niaba yake. Nikaingia. Alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anaosha vyombo. Nikamwita nikiwa nyuma yake kabisa. Hakugeuka. Sikutaka kumgusa bega akaruka.

Nikarudi sebuleni na viatu vyangu vya matope, nikawasha sanduku, nikangoja taa za kioo zipate moto. Lilipoanza kupumua, vyombo vikanyamaza.

"Karibu," akasema bila kugeuka. "Na uvue viatu, nimepiga deki."